Magoti Yangu Mbele ya Wakwe wa Muyinga

Mtu asinieleze habari ya aibu, aibu mi naijua, na kama mnataka kucheka chekeni sasa mmalize, maana nikianza sitaki mtu anikate maneno: mi Rajabu, fundi cherehani wa hapa Yoba, Gitega, mzee wa mvi na kofia ya kufuma, nilisimama katikati ya sebule ya wakwe kule Muyinga, nyumba nzima imenyamaza, nikaanza kuinua magoti. La kulia juu, la kushoto juu. Na kanzu nimevaa! Hasira ya siku ile bado ninayo, na msidhani itaisha, kwa sababu wa kukasirikiwa ni wengi na wa kwanza ni mi mwenyewe.

Bon. Ilikuwa miaka ile ya vita. Mjukuu wangu Idrisa alikuwa amempenda msichana wa Muyinga, Hadija, watu wao wanauza baiskeli na vipuri, Waislamu wazuri, na sisi wa Gitega ikabidi tuende kuposa. Sasa kuposa kwetu (mnajua, lakini kuna vijana hapa hawajui kitu) si kuingia na kusema tunataka msichana. Mzee wa maneno, ndiye mshenga, anakaa kwenye kiti anazungusha maneno, mara tumepotea njia, mara tumeona moshi wenu, mara tunaomba mche wa kahawa, halafu anataja marehemu wa nyumba zote mbili, mmoja mmoja, huyu mwana wa fulani, yule mwana wa fulani. Ukiruka mmoja umetukana watu. Na miaka ile marehemu walikuwa wengi, wengine hata kuzikwa hawakuzikwa, donc basi jina lake likitajwa mbele ya watu ndiyo heshima peke yake aliyobakiwa nayo. Na tena, mzee wa maneno hasimami. Hata nge amwume, anakaa. Akisimama kabla hajapewa jibu maana yake iko moja tu: posa imevunjika, tunaenda zetu.

Kazi ile ilikuwa yangu tangu baba afariki. Lakini mdogo wangu Sudi (anauza vitenge, mdomo wake unateleza kama sabuni) alianza kuwaambia watoto chini chini kwamba kaka anasahau. Ni kweli nilisahausahau. Kuna mtu nilimshonea suruali mguu mmoja mrefu, nani hajakosea? Na mke wa Sudi nilimwita kwa jina la yule mke aliyemwacha, nafikiri hiyo ndiyo iliyomwuma. Wakafanya kikao bila mimi, halafu wakaja na sura za huruma, "Kaka, tunataka upumzike." Nipumzike nini? Nimekufa?

Nikawaambia Muyinga naenda mi, na atakayeketi kwenye kiti kile ni mi, na asiyetaka abaki.

Aliyenisaidia ni Zulfa, binti ya marehemu dada yangu. Yeye alikulia Kigoma ukimbizini, Kiswahili chake ni kile cha kunyooka cha Tanzania, na kule kambini alikuwa anafanyisha wazee mazoezi. Akaniangalia akasema, "Mjomba, wewe huumwi. Unakaa kwenye cherehani kutwa nzima, mwili umelala, na akili nayo imelala. Tuviamshe vyote kwa pamoja." Basi kila asubuhi uani (barabarani nani angetembea alfajiri miaka ile, utafute risasi?) natembea huku nahesabu kwa kurudi nyuma, nainua goti la kulia nataja mnyama, la kushoto nataja mti, nasimama kwa mguu mmoja nataja mabarabara na masoko mpaka Karuzi. Watoto wa jirani walichungulia juu ya ukuta wakanipa jina la Komanda. Wacheke! Mi nilikuwa napanda kilima cha soko bila kutafuta pumzi, na miwani yangu nilijua iko wapi.

Kosa lilikuja pale. Nikajiuliza, kwa nini nipoteze nguvu kutaja mbuzi na miparachichi, na maneno ya posa yananingoja? Nikayatia maneno ya posa kwenye magoti. Moshi wenu, goti. Mche wa kahawa, goti. Marehemu fulani, goti. Kila siku hayo hayo. Zulfa akanikataza. "Mjomba, badilisha. Na siku nyingine kaa kwenye kiti, useme umekaa." Nikamwambia, we mtoto, mi nilianza kuposea watu mama yako hajapata meno. Akaniacha, kwa sababu amelelewa vizuri, na mi nikaona nimeshinda.

Siku ikafika. Tulipanda gari ndogo asubuhi, mi, Sudi, Idrisa, Zulfa na wamama wawili, na njiani mbele ya Karuzi kulikuwa na bariyeri, njia imefungwa, wanajeshi wakatushusha wote tuvuke kwa miguu. Mi kutembea tu, maneno yakafunguka, yote, mpaka marehemu wa mwisho, kwa sauti. Mwanajeshi mmoja akauliza, "Uyu mutama avuga ibiki?" kwamba huyu mzee anasema nini, Zulfa akamjibu haraka kwamba ninaomba dua. Sudi alikuwa nyuma yangu, alisikia. Tuliporudi garini akaniambia, "Kaka, nisamehe, nilikudharau." Nikamsamehe! Nilikaa kwenye gari ile nimevimba kama andazi.

Muyinga wakatupokea vizuri. Sebule imejaa, viti vimetandikwa vitambaa vya kufuma, wanawake wako chumba cha pili na vigelegele vyao tayari, chai inanukia tangawizi. Mbele yangu wakamweka mzee wao wa maneno, Mzee Ramadhani, aliyetoka Giteranyi, mtu mkavu, jicho kali. Akaanza, "Wageni, karibuni, mmepotea?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu.

Mi nawaambia hakuna! Nilikumbuka tu moshi. "Tuliona moshi," nikasema. Akangoja. "Moshi wenu," nikasema. Akangoja tena. Nikatikisa miguu chini ya kanzu kama napiga cherehani, labda yatakuja, na watu wote wakatazama viatu vyangu. Idrisa aliniangalia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena, mtoto anakufa kwa aibu pale pale. Na mi nilijua maneno yako wapi! Yako kwenye magoti, nikisimama kidogo tu yatatoka, hatua chache, nani ataona?

Nikasimama. Na sebule ilivyojaa, sehemu wazi ilikuwa ya kuelekea mlangoni. Nikaenda, goti juu, goti juu, na wallahi yakaja yote, mche wa kahawa, marehemu, baba zao, yanamiminika, nikageuka kwa furaha niyaseme. Nikamkuta Mzee Ramadhani naye amesimama.

"Basi," akasema. "Mmetukatalia mtoto. Mlango si mmeshauona?"

Chumba cha pili bibi yake Hadija akapiga kelele, "Yebabawe! Mwanangu wamemtupa!" Chai ikarudishwa jikoni. Wajomba wakainuka. Mi nikapiga kelele kwamba siendi, nakumbuka tu, "Hii ni spor! Mazoezi! Nafanya spor!" Kuna mtu alicheka, halafu wengi, ila Mzee Ramadhani hakucheka. "Tumezika watoto," akasema, "na we unatoka Gitega kuja kutufanyia spor sebuleni?"

Sudi ndiye aliyejibu. Alipiga magoti chini kabisa, akasema, "Wazazi, mtusamehe. Kaka yangu akili imemtoka. Tulimleta kwa heshima tu. Hajui alipo."

Mzee Ramadhani akanifuata, akanitazama usoni. "Mwenye akili akisimama, posa imekufa," akasema. "Asiye na akili ni kama mtoto, hatumhesabii. Sema mwenyewe, mzee. Unajua uko wapi?"

Mnaona? Mi niliyejitesa uani miezi ile yote nionekane niko na akili! Ninayo, imejaa, inanichoma ulimi, na nikiionyesha mjukuu wangu anakosa mke. Sudi kichwa ameinamisha, na mi najua, wallahi najua, uso ule chini ulikuwa unacheka. Zulfa machozi yanamtoka. Idrisa mikono ameiweka kichwani.

Nikasema, "Hapa si sokoni? Cherehani yangu mmeipeleka wapi?"

"Masikini," wakasema. Wakarudi kukaa. Chai ikaja. Sudi akaketi kwenye kiti changu, kingali na joto langu, akasema maneno yangu aliyoyaiba pale bariyeri, mche wa kahawa na vyote, mi nikaachwa nizunguke sebuleni kama kuku. Kwenye marehemu akamruka baba yake Hadija. Baba mzazi! Aliuawa njia ya Giteranyi hata mwili hawakuuona. Nikaona uso wa Mzee Ramadhani unakunjika tena, basi nikainua goti, nikasema jina lake, Saidi mwana wa Mustafa, kwa sauti. Bibi akaangua kilio, akaja akanishika mikono, akasema Mungu humtilia maneno mdomoni hata mtu aliyepotewa na akili. Vigelegele vikapigwa. Sifa ya kwanza kwa Mungu, ya pili kwa Sudi.

Basi mi nimekoma. Mazoezi nafanya mpaka leo, sitaacha kwa ajili ya mtu, lakini nachanganya kama Zulfa alivyosema, na lile la kusemwa umekaa nalisema nimekaa. Posa siendi tena, hata wakinibeba. Kuwaambia wakwe ukweli siwezi, posa iliyopatikana kwa uongo ina maneno, na Hadija tayari yuko na mimba ya pili. Ni mtoto mzuri, kila asubuhi ananiletea uji, anainama karibu na sikio langu, anauliza polepole, "Babu, mi ni nani?"

Namtazama. Namjua yeye, na baba yake Saidi, na babu yake Mustafa, na baba yake Mustafa. Namwambia, "Sikujui, mama," naye ananifuta mdomo.