Digrii Nne za Jumamosi

Barua ilimkuta Jumatano asubuhi, akiwa ameinamia friji ya chanjo. Ukurasa mmoja na nusu wa Kiingereza, na chini yake sahihi ya mkuu wa zahanati. Alichoambulia ni jina lake, tarehe, na kwamba kesho saa sita mchana awe amejibu kwa maandishi, la sivyo kazi hana.

Pale kazini walimwita Mama Baridi, kwa sababu miaka kumi na saba ufunguo wa friji ulining'inia shingoni mwake. Wauguzi walimtania kwamba hata marehemu mumewe alikuwa akipimwa digrii kabla ya kuruhusiwa kulala.

Alasiri alimfuata shemeji yake, mwalimu wa Kiingereza, akamkuta peke yake darasani akisahihisha madaftari.

"Shemeji, nisomee. Usinifiche kitu."

Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hapa wanasema 'alleged'. Yaani inadaiwa. Hawajasema moja kwa moja kwamba umefanya."

"Afadhali."

"Lakini hapa kuna 'negligence'. Ni uzembe, tena wa mtu aliyekabidhiwa kitu akilinde. Na hii 'liable' ni kwamba lililotokea litakuangukia wewe."

"Maneno yote hayo ni ya kunitwisha mimi tu? Wenye lugha yao walikosa kazi ya kufanya!"

Mwalimu alicheka. Yeye hakucheka. Basi mwalimu akachukua chaki, akamwandikia ubaoni maneno, kama anavyowaandikia wanafunzi wake: la wajibu, la kushtaki, la kulaumu, la kukana. Akamtaka arudie lile la mwisho.

"I deny," alisema, mdomo umemkauka.

"Kwa sauti, shemeji. Unakana, huombi chumvi kwa jirani."

Alirudia mara tatu. Ndipo mwalimu akauliza, "Kadi ya joto ya Jumamosi aliijaza nani?"

"Mimi."

"Na Jumamosi ulikuwepo?"

Akatikisa kichwa.

Kila mwisho wa wiki zahanati ilifungwa, lakini kadi ilitaka joto la friji liandikwe asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Kwa hiyo Ijumaa kabla ya kutoka aliandika kabisa ya siku mbili zijazo: nne, nne, tano, nne. Mkuu mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo mwaka wake wa kwanza, akamwambia friji haina miguu, itakwenda wapi? Safari hii umeme ulikatika Jumamosi alfajiri na kurudi Jumapili jioni, na mlinzi akayaandika hayo kwenye daftari lake la lindo. Jumatatu Mama Baridi alifungua friji akakuta baridi yake ile ile. Watoto thelathini na mmoja wakachomwa dawa iliyokwisha kuharibika. Jumanne akaja mkaguzi, akaliweka daftari la mlinzi kando ya kadi.

Mwalimu alichukua kifutio, akalifuta ubaoni lile neno la kukana.

"Basi andika ukweli," alisema. "Na uandike nani alikufundisha. Una karatasi yake?"

"Karatasi ya wapi? Aliniambia kwa mdomo."

Mwalimu alitunga, yeye akanakili kwa mwandiko wake mzuri, ule ule wa kwenye kadi.

Alhamisi mkuu aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Kisha akaiweka mezani, kidole juu ya mstari wa mwisho, ule uliomtaja yeye.

"Mama, huu ukiufuta, nitakuwa na pa kukutetea. Ukiuacha, tunazama wote. Na mwenye binti chuoni ni wewe."

Binti alibakiza mwaka mmoja. Mama Baridi aliomba rula. Alipiga mstari mmoja, akapiga na wa pili, mpaka maneno yakafunikwa. Kilichobaki ni kwamba yeye, peke yake, alijaza Jumamosi siku ya Ijumaa.

Mkuu aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha, halafu akanyoosha kiganja.

"Na ufunguo."

"Daktari, si umesema utanitetea?"

"Ni utaratibu tu, mama. Mpaka barua ya mwisho itoke."

Kamba ilinasa kwenye hereni. Hakuna aliyemsaidia kuitoa.

Nje, kwenye benchi la kusubiria mizani ya watoto, mama mmoja kijana aliyempakata mwanawe alimwona akapaza sauti. "Mama Baridi! Mbona leo shingo tupu? Umeiuza friji?"

Mama Baridi alimjua. Katika barua zile mbili, ya mkuu na yake, hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuwaita wale watoto warudi. Akaketi kando yake.

"Huyu alichomwa Jumatatu?"

"Si ndiyo! Alilia huyu, mtaa mzima ulisikia."

"Itabidi achomwe tena. Ile dawa haikuwa na nguvu. Ni mimi niliyekosea."

Aliyasema kwa lugha yake mwenyewe, na mdomo ulikuwa mkavu vile vile.

Yule mama akamwinua mwanawe, akakusanya khanga na mfuko, akahamia mwisho wa benchi.