Gari la Mapezi Halina Mwenyewe

Nilikuwa kwa muuza kahawa Kariakoo, wiki hii ya msako wa walanguzi, mgambo mmoja alipoligonga kwa rungu lile gari refu la Kimarekani, lenye mapezi nyuma kama papa.

"La nani hili?"

Zamani bibi harusi asipopandishwa humo, ndugu zake walinuna. Siku hizi ni gari la kibepari, na mwenyewe, mzee aliyekaa kando yangu, alikuwa ameubana mfuko wa kanzu kwa kiganja ili funguo zisilie. Kahawa ilimmwagikia magotini, hakuifuta.

"Mzee, hulijui?"

"Silijui, mwanangu."

Mgambo akatazama nyuma, akalipapasa pezi, akasema kwa sauti ya chini: "Mke wangu nilimchukua kwa gari hili. Mwambieni mwenyewe alifunike turubai upesi. Wenzangu wanakuja."

Akaondoka. Mzee alifumbua mdomo, akaufumba. Angeshukuru, angekuwa amekiri.

Ndugu zangu, watu wanaoogopa kusema kweli nimewazoea. Wiki hii nimemwona anayeogopa kusema asante.