Fahali Ndani ya Usukani

Nikiwa na miaka tisa niliamini, kwa imani ambayo hata paroko wetu angeionea wivu, kwamba ndani ya usukani wa lori alilokuwa akiendesha baba yangu alijificha fahali aliyekufa. Nyabiondo nzima ilijua habari zake. Alikuwa fahali mweusi wa Burungu, mwenye pembe pana hivi kwamba, kwa walivyosimulia, ukisimama katikati yake ukaita, mwangwi ulikujibu. Alipakiwa hai akafa amesimama juu ya lori, kipaji cha uso kikiwa kimeegemea ubao ulio nyuma ya kiti cha dereva. Roho yake ilikataa kwenda machinjioni Goma. Ikapenya ubao, ikampita baba bila kumgusa, ikaingia usukani. Tangu siku hiyo lori likawa na hiari yake: baba anageuza kulia, lenyewe linafikiri kwanza, baba anatulia, lenyewe linavuta kushoto, upande wa malisho. Mimi sikuona sababu ya kubisha. Kibanda cha dereva kilinuka samadi, mkojo wa ng'ombe, jasho na mafuta ya mazuti, harufu nzito ambayo ungeweza kuitundikia koti. Kama fahali hakuwemo, harufu ile ilikuwa ya nani?

Lori lenyewe liliitwa Tutafika Tu, jina lililoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele, na umri wake haukujulikana; nadhani Nuhu aliliacha siku alipopata safina. Mwenye mali alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka la chumvi, sabuni na mabati. Baba alimbebea maharage, ng'ombe na, wakipatikana, abiria, kwenye barabara yenye mashimo ambayo ungeweza kuzika kanisa pamoja na kengele yake. Gurudumu likigonga jiwe, usukani ulizunguka kwa hasira mikononi mwa baba kama jembe linalonyang'anywa. Siku moja ulimvunja kidole gumba, nilisikia ta! kama ukuni mkavu. Mama alikifunga kwa vijiti viwili na maneno mia nne. “Papa Bahati, ile gari itakuua, na miye sitalia, nitakuchekelea kwenye kaburi!” Baba akajibu huku ameuma meno: “Gari iko muzima, Mama Bahati. Ni ile fahali tu njo iko na kichwa nguvu.” Mama akakaza kitambaa mpaka baba akapiga yowe. Siku zile nilifikiri anamwonea.

Mtu niliyempenda kuliko wote, baada ya wazazi na labda kabla ya wazazi siku ambazo hakukuwa na nyama, alikuwa Hangi, mchungaji aliyesafiri juu ya mzigo akiwatuliza ng'ombe. Alikuwa na miguu mirefu na sauti ndogo, na aliwaimbia wanyama wale nyimbo za Kihunde ambazo wao walizielewa na mimi sikuzielewa. Ndiye aliyenifundisha dawa. “Mutoto, ng'ombe ya hasira haipigwe,” aliniambia. “Unaipa chumvi. Ikisha kulamba, itakufuata hata kwenye misa.” Basi nikaenda kuutafuta mdomo wa fahali wangu. Nilijipenyeza chini ya lori lililoegeshwa, nikaupata kwenye gurudumu la mbele la kushoto: kifundo cha chuma kilichovikwa kofia ya mpira, mpira umepasuka kama midomo, na kati ya midomo ile mate meusi ya grisi yanachuruzika. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilifungua mfuko wa chumvi wa mama, nikamlisha fahali kwa kidole, punje kwa punje, nikimwita majina mazuri. Nilifanya hivyo majuma matatu. Mama aliwashuku majirani wa pande zote, akagombana nao kiasi kwamba mmoja alihamisha mlango.

Siku ya soko la Burungu, shule ikiwa imefungwa kwa sababu ya milio ya bunduki, baba alinichukua kibandani. Ilikuwa asubuhi njema, ukungu umekaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, Hangi anaimba juu yetu, na mimi nikijisifu moyoni kwamba chumvi imefanya kazi. Tulipozunguka kona tukaona mwanzi umelazwa barabarani ili kuzuia magari. Kando yake walikuwapo watu sita wenye bunduki; sitasema wa kundi gani, maana vilima vyetu wakati ule vilikuwa na makundi mengi kuliko kwaya. Baba akapunguza mwendo. Alikuwa anasimama, naapa, alikuwa anasimama. Gurudumu la kushoto likapanda jiwe, usukani ukamponyoka, akaurudisha kulia, akaurudisha tena, ukazunguka mtupu kama kijiko ndani ya chai. Tutafika Tu likakata kushoto, likavunja mwanzi, likasaga chungu chao cha maharage na kibanda chao cha nyasi, na watu wale wakaruka huku na huku. Kisha wakapiga risasi.

Nimesimulia habari hii mara nyingi, na kila mara risasi huongezeka, lakini hapa nitasema kama ilivyokuwa: sijui zilikuwa ngapi. Kioo kilimwagika mapajani mwetu kama mtama. Baba alinisukuma chini, akanikandamiza kifuani kwa goti ili nisiinuke. Juu yetu ng'ombe walilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, kwato zikipiga mbao, na wimbo wa Hangi ukakatika katikati ya neno. Matone ya moto yakaanza kuniangukia shingoni kupitia ufa wa ubao. Nilidhani ng'ombe wanakojoa. Nilipopangusa, mkono ukawa mwekundu.

Wakamvuta baba kwa kola mpaka chini. Wa kwanza akampiga kitako cha bunduki mdomoni, wa pili mbavuni, na waliobaki hawakutaka kuonekana wavivu. “Ulitaka kutugonga! Banakutuma nani?” Baba alitema meno mawili akasema, “Usukani.” Wakampiga. “Usukani, ndugu zangu, haishike!” Wakampiga kwa sababu ya kuwaita ndugu. Mmoja akamwekea mdomo wa bunduki sikioni, akawa anamngoja mkubwa wao atoe ishara. Mkubwa huyo, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua la kike, akapanda kibandani, akanikuta chini, akanisogeza kwa buti kama mzigo wa viazi. Akashika usukani, akamwamuru kijana wake achuchumae mbele ya gurudumu. Akageuza kulia, robo nzima ya duara. “Imetikisika?” “Bado, Komanda.” Akageuza kushoto. “Na sasa?” “Gurudumu iko inakuangalia tu, Komanda.” Yule mtu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa lile koti. “Muache huyu muzee,” alisema. “Gari yake imelewa kupita miye.” Ndivyo baba yangu alivyopona. Kasoro iliyotupeleka kwenye bunduki ndiyo iliyotutoa. Wakachukua ng'ombe waliobaki hai. Hangi wakatuachia. Alikuwa amelala kifudifudi kati ya kwato, na sitaeleza zaidi.

Baba alilala juma zima, uso umevimba kama boga. Fundi aliitwa kutoka Itebero, mtu aitwaye Faustin, aliyetembea siku nyingi msituni akiwa na nyundo mbili na funguo kwenye gunia. Lori lilikuwa limevutwa mpaka uwanja wetu. Faustin hakutaka kusikia habari za fahali. Alimpandisha mama kwenye kiti cha dereva, yeye akalala chini. “Mama Bahati, utikise usukani. Kidogo kushoto, kidogo kulia. Si kuponda muhogo, Mama, kutikisa!” Mama, ambaye alikuwa na hasira za kutosha kung'oa usukani ule na kwenda nao sokoni, alijizuia. Nililala karibu na fundi. Alipapasa viungo kimoja kimoja kwa vidole, kama muuguzi anavyotafuta mshipa, kuanzia sanduku la usukani, akifuata fimbo za chuma, mpaka akafika kwenye ule mdomo wangu. Mama akatikisa: kop, kop. Fimbo ilikwenda na kurudi, gurudumu limetulia. “Njo hii,” alisema Faustin. “Rotili. Kifundo cha kushika gurudumu. Kichwa chake kimekwisha ndani ya kikombe.” Kisha akachomoa kidole, akakitazama, akakilamba. “Nani alitia chumvi huku?”

Nilikificha kidole changu chini ya kwapa. Mama aliuliza kutoka juu amesema nini, na Faustin akasema si kitu. Nilibaki nimelala pale, kutu ya kahawia ikinitazama ndani ya midomo ile, na nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Rotili mpya haikupatikana, kwa hiyo tulikwenda kuitoa kwenye lori lililochomwa moto mwaka uliotangulia kwenye kona ya chini, ambalo abiria wake bado walikuwa na misalaba kando yake. Faustin aliweka nyundo mbili pande mbili za jicho la chuma lililoishika rotili, akapiga zote kwa pamoja, pa! pa! pa!, na kila pigo mimi nililihesabu kuwa langu. Tuliporudi aliipima fimbo ya lori letu kwa uzi kabla ya kuifungua, ili magurudumu yasije yakatazamana kama watu waliogombana, akatia ile rotili, akafunga nati na kuichomekea pini. Mama akageuza usukani kwa kidole kimoja. Gurudumu likatii hapo hapo. Aliinamisha uso juu ya usukani ule, akalia kwa sauti, yeye aliyeahidi kutolia.

Wahenga wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi nundu yangu iliniinamisha. Nililibeba jina la Hangi kupitia shule niliyoiacha, machimbo ya Walikale niliyoyakimbia, na shule ya jioni mjini Goma, ambako nilimaliza masomo nikiwa na ndevu ndefu kuliko za mwalimu. Leo najulikana kwenye vituo vya magari kama mwendawazimu: sipandi gari lolote kabla sijamwomba dereva autikise usukani nami nichungulie chini. Abiria hunicheka, na mimi huwacheka zaidi. Barabara ile bado ina mashimo, vilima bado vina bunduki, ila magari ya siku hizi ni mapya kidogo na uongo wake ni uleule.

Siku niliporudi nyumbani na diploma yangu, mama alichinja kuku, na baba akaketi uani akipukuchua maharage kwa mikono yake iliyopinda. Hapo nikamwambia. Nilimweleza yote, mfuko wa chumvi, mdomo, majuma matatu, na kwamba mimi ndiye niliyemuua Hangi. Nilitarajia anipige, hata ningefurahi. Alipukuchua ganda moja, na jingine, akitazama ungo tu.

“Chumvi ya majuma matatu haile chuma hivyo,” alisema. “Ile rotili ilikuwa imekufa tangu masika. Nilimwambia Papa Kambale, akasema nifunge na mpira, tutaona mavuno yakiisha. Nilifunga.”

“Na fahali?”

“Bantu balianza kukataa kupanda. Gari mubovu banaikimbia, gari ya fahali banaisimulia. Ni miye nilimutunga.” Akaweka ungo chini. “Hakukuwa fahali, Bahati. Rotili ilikuwa imekwisha, miye nilijua, na ile asubuhi nikawasha gari.”