Barua Niliyoipeleka Harusini

Jamani, mkasa huu mie nausimulia nikiwa nimejifunika uso kwa mtandio, maana Chumbageni bado kuna wanaoniita Mama Yah, na aliyejitafutia jina hilo ni mie mwenyewe.

Nyumba niliyopanga ni ya Bi Salima. Choo chetu cha uani kilikuwa kimejaa hadi kinamwagika, tukamwambia tukachoka, mwisho nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika. Bi Salima akaitwa. Jioni ile ile akanisimamia mlangoni, akasema, "Kama choo changu kinakunukia, mwanangu, tafuta kwingine. Mwezi ukiisha nataka vyumba vyangu." Watoto wangu wanasoma hapo jirani na mkataba ulikuwa haujaisha, basi usingizi ukaniruka.

Mwenyekiti akanishauri nisibishane naye kwa mdomo, nimjibu kwa maandishi: nililalamika lini, akanitisha lini, kodi sidaiwi, mkataba bado upo, basi anieleze kwa barua sababu ya kunitoa, na nakala moja asaini kwamba kaipokea. Nikaandika vizuri (ile YAH ya kichwa cha barua nikaipigia mstari kwa rula). Lakini Bi Salima akawa haonekani. Nikibisha hodi, naambiwa kalala.

Sasa bintiye akawa anaolewa. Nikajiambia (hapo ndipo nilipojiharibia) siku ya shughuli hawezi kunikimbia, nitampa mkononi kwa adabu yangu. Nikaitia barua kwenye bahasha nyeupe, nikaenda nayo, na nyie mnajua mwanamke anayeingia harusini na bahasha mkononi anaonekana kaleta nini. Somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, aliyekaa mlangoni na beseni la zawadi, akaipokea kabla sijamaliza shikamoo. "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie." Ningesema siyo zawadi? Nyuma yangu wanawake wamejaa, na zawadi nyingine sina. Nikapita ndani, nikidhani bahasha zitafunguliwa watu wakishaondoka.

Kumbe zikafunguliwa pale pale, kwenye kipaza sauti, ili ijulikane nani katunza nini, naye aje atunzwe siku yake. Ilipofika yangu, somo akatafuta noti, hakuona, akadhani ni salamu za kheri, akasoma kwa madaha: "Yah: kujibu tishio la kunitoa nyumbani baada ya kulalamikia choo kinachomwagika." Akaendelea hadi kwenye harufu na mainzi ndipo mtu akamnyang'anya kipaza. Wakwe walikuwa wamekaa mbele kabisa. Bibi harusi, ambaye hakunikosea kitu, akainama, wanja wote ukachuruzika. Bi Salima aliniangalia tu, na mie nikatamani choo hicho hicho kinimeze.

Asubuhi yake akabisha hodi yeye. "Lete hiyo nakala nisaini." Akasaini. "Gari la kunyonya choo linakuja kesho. Na wewe kaa mpaka mkataba wako uishe, sikutoi. Lakini mwanangu kaingia kwa mumewe na aibu ya choo. Hiyo nayo utaniandikia barua gani?"

Haki ilikuwa yangu, na kila neno la barua ile ningeliandika tena, ila ningekaa barazani kwake hata siku nzima nikimsubiri atoke. Siku hizi nikialikwa harusi naenda na doti ya kanga, tena sijaifunga kwa karatasi, kila mtu aione.