Nyongeza ya Mama Twalha

Pale Maisaka, ukitaka nyimbo kwenye simu ulikwenda kwa Rahma, Mama Twalha, na ukienda sharti uvumilie mahubiri. Kila programu ya kupakua aliijua kwa tabia zake. Ya kwanza aliyoitumia alisema ni mwongo: unaiomba taarabu, inakuletea virusi. Tovuti zenye vitufe vyekundu aliziita wapiga debe, zinakuvuta huku na huku na safari haianzi. Aliyoipenda ni torenti.

"Hiyo ina utu," aliwaambia wateja. "Watu wengi, kila mmoja anakuletea kipande chake, kama majirani na vyombo vya shughuli. Ila ukishapata usikimbie. Na wewe wagawie wenzako."

Naye aligawa kweli. Kama mama wa sokoni anavyokuongezea kiganja cha maharage baada ya kupima, kila kadi ya simu aliyoijaza nyimbo aliimalizia kwa nyongeza: kaswida aliyoiimba baba yake, Mzee Halidi, kabla maradhi ya koo hayajamnyang'anya sauti. Hamdani, mumewe, alimcheka.

"Mtu kaomba bongo fleva, unampa kaswida. Si anaifuta akifika nje?"

"Tenda wema uende zako, Baba Twalha."

Mzee mwenyewe alikuja kila alasiri, akakaa kwenye benchi la duka na kuinua kidole, ishara ya kuiomba kaswida yake. Rahma alimpigia kwenye kompyuta. Kuwekewa kwenye simu hakutaka, alitaka kuisikia palepale dukani, watu wakipita.

Masika moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua na vyote vilivyokuwemo, hata kaswida, ambayo Rahma hakuwa na nakala yake kwingine. Rahma aliazima ya jirani, akaitafuta kaswida kote. Tovuti hazikuijua. Torenti, kipenzi chake, ilikaa kimya, maana hapakuwa na mtu yeyote mwenye kipande cha kuleta. Aliwauliza wateja, nao wakaangalia pembeni. Kumbe Hamdani hakukosea sana. Na kila alasiri mzee alikuja, akainua kidole, na Rahma akamdanganya kwamba mashine bado iko kwa fundi. Ilimuuma. Aliogopa baba yake ataondoka duniani bila kuisikia tena sauti yake.

Siku ya mnada akaingia Parsitau, mfugaji wa Simanjiro, mteja wa zamani aliyepotea tangu mwaka uliotangulia.

"Shikamoo mzee," alimwamkia Mzee Halidi, naye akaitikia kwa kichwa. Parsitau akampa Rahma simu. "Mama Twalha, imejaa hii. Futa zote uniwekee mpya. Ila ile ya mwisho iache."

"Ipi ya mwisho?"

"Ile ya mzee. Dini yenu siijui, lakini nikiwa machungani peke yangu naisikiliza. Hata ng'ombe wameizoea."

Rahma akabonyeza. Sauti ikajaa duka zima. Mzee Halidi akainua uso, akasikiliza, kisha vidole vyake vikaanza kugonga benchi, vikifuata dufu.

"Huyu mzee anayeimba bado yupo?" Parsitau akauliza. "Siku moja ningependa kumpa mkono."

Rahma alikuwa analia waziwazi. Mzee Halidi ndiye aliyejibu. Alijisogeza kwenye benchi, akamnyooshea Parsitau mkono.