Msoma Mita wa Matinyani

Nilikuwa napepeta pojo mama mdogo aliponipigia simu kusema baba mdogo amefariki. Kwa miaka thelathini na moja aliisomea kampuni ya maji mita zake. Alipiga magoti kwenye kila mita, akafuta kioo kwa kidole gumba, akasoma namba kwa sauti kama anayesoma Zaburi. Mkataba wa chama cha wafanyakazi na kampuni ulisema kila mfanyakazi apande ngazi moja ya mshahara kila mwaka. Alipofika miaka hamsini na mbili wakamwacha palepale, na vijana aliowafundisha wakampita. Siku niliyompelekea chakula ofisini nilimsikia meneja akimwambia, "Mzee, ngazi ni za wenye magoti. Wewe ngoja kustaafu." Baba mdogo alicheka naye, kisha akatoa nakala ya mkataba mfukoni. "Nionyeshe panapotaja umri, kijana wangu." Akaishtaki kampuni. Kesi yake ilikuwa isikizwe mwezi ujao. Mungu anisamehe, huyo meneja bado sijamsamehe.

Tulimzika Alhamisi. Kampuni ilileta maua na salamu za rambirambi zilizomtaja kwa ngazi ileile ya chini. Mama mdogo alikataa zisomwe. Pasta aliomba, tukaimba, wanaume wakafukia kaburi.