Chesang na Mtihani Usio na Majibu

Umewahi kuona mtu akifeli mtihani ambao maswali yote yanamhusu yeye mwenyewe?

Mimi nimeona. Ni jirani yangu hapa mtaani Kamere. Amekubali niandike, mradi nibadilishe majina, kwa hivyo tumwite Chesang.

Chesang anapanga waridi kwenye shamba moja la maua kando ya ziwa. Anasimama kwa meza siku nzima akitenganisha maua mazuri na yenye kasoro. Ni mwanamke wa maneno machache. Ua likiwa na doa, hata meneja abembeleze, yeye halipitishi.

Halafu Eucabeth akaletwa meza ya pili.

Jamani, kuna watu wameumbwa kupendwa. Wiki haikuisha, hata askari wa geti alikuwa anamwita dadangu. Akicheka, meza zote zinacheka. Akinyamaza, watu wanauliza kama ni mgonjwa.

Chesang alimwonea wivu, na sitaficha. Wivu wa kumkosesha mtu hamu ya chakula. Alikionea wivu kicheko chake, na vile alivyojua majina ya watoto wa kila mtu, hata vile alivyofunga kitambaa kichwani.

Basi nafasi ya supavaisa, msimamizi wa meza zote, ikatokea.

Supavaisa hupewa nyumba ndani ya kampuni, yenye vyumba viwili na maji ya bomba. Chesang ana msichana wake mdogo analelewa na nyanya yake huko Kabarnet, kwa sababu chumba cha Kamere ukigeuka umegonga jiko. Nyumba hiyo ndiyo ingemletea mtoto. Hakutaka kitu kingine.

Sydney wa HR, ofisi inayoajiri, akawaita wote waliotuma maombi. Akawaambia safari hii hataangalia nani amekaa sana wala nani anajuana na nani. Kutakuwa na mtihani wa tabia, unaufanya kwa simu yako. Unasoma sentensi kama "Napenda kuwa katikati ya watu", unabonyeza ndiyo au la.

"Hakuna jibu sawa ama mbaya," akasema. "Jibu tu vile uko. Lakini tukipata umedanganya, unaenda home."

Sasa niambie, nani katika Kenya hii amewahi kuambiwa kuna mtihani hauna majibu? Hakuna aliyemwamini. Huko nje watu walikuwa wameshaanza kutafutana, nani ana majibu. Mmoja akaapa kuwa binamu yake aliufanya Nakuru na akapita kwa kubonyeza ndiyo mwanzo mpaka mwisho.

Chesang hakuuliza mtu. Kampuni inataka mtu wa aina gani, si anamwona kila siku meza ya pili?

Alipofungua simu, hakujibu kama Chesang. Alijibu kama Eucabeth. Unapenda makundi? Sana. Unaamua haraka bila kuwaza sana? Ndiyo. Unaachilia makosa madogo ili kazi isonge? Ndiyo kabisa. Kila ndiyo ilimchoma, lakini aliibonyeza huku akiwaza kitanda cha mtoto kitakaa upande gani.

Matokeo yalisomwa asubuhi kabla ya kazi. Sydney akaeleza kuwa walikuwa wanatafuta mtu mtulivu. Mtu asiyeyumbishwa, anayeangalia kitu mara mbili, asiyeogopa kuchukiwa kwa kurudisha maua mabaya.

Chesang akainua kichwa. Huyo ni mimi, akajiambia.

"Eucabeth," akasema Sydney.

Watu wote walicheka, wakidhani ni mzaha. Eucabeth hawezi kunyamaza hata wakati wa maombi. Lakini Sydney hakuwa anatania.

Chesang alienda chooni akalia. Akarudi kwa meza yake, na siku hiyo hakumpa Eucabeth hata salamu. Moyoni alimwita mwizi, ingawa hakujua ameibiwa nini.

Jioni Eucabeth akamfuata mpaka kwake. Hakuwa na kicheko.

"Chesang, usininyamazie. Mimi hii kazi siijui."

"Si umepita."

"Si mimi nimepita. Unajua venye nilifanya? Kila swali nilikuwa najiuliza, huyu Chesang angejibu aje? Wewe hata meneja anakuogopa. Mimi watu wananipenda tu, hakuna mwenye ananiheshimu. Nimekuonea wivu tangu nikuje."

Chesang akakaa kitandani.

"Na mimi nilijibu kama wewe."

Walitazamana. Wangefanya nini? Kumwambia Sydney ukweli ni wote wawili kufungasha virago. Wakakubaliana kunyamaza.

Leo Eucabeth anaishi kwenye ile nyumba. Mtoto bado yuko Kabarnet. Na kila asubuhi supavaisa anapita kwa meza ya Chesang, anainama kama anayekagua, halafu anauliza kwa sauti ya chini: hii tupitishe ama irudi?

Chesang anamwambia. Nilipomuuliza kama bado anamwonea wivu Eucabeth, alisema hapana, hiyo iliisha. Anayemwonea wivu sasa ni yule Chesang wa kwenye mtihani, mwanamke mtulivu ambaye sifa zake zilisomwa mbele ya watu, akapewa nyumba.

Wewe unayesoma hii ukingoja intaviu, ukiulizwa wewe ni nani, jibu wewe. Usimwachie mwingine hiyo nafasi, kwa sababu huenda yule unayemtamani anajibu kama wewe, na atapewa yeye.